Maswali Yenu: Umerudi Kwenye Gemu, Unakimbilia Wapi?

SWALI: Wanangu, mara ya mwisho kushika pedi ilikuwa enzi za mashine ya PS2 na gemu ya San Andreas. Sasa nimenunua PS4 iliyokwishatumika na Red Dead Redemption 2, ile ya majambazi wa farasi, maana nimeambiwa ni gemu ya kutembea taratibu. Siku ya pili hii niko kwenye theluji nafuata watu tu. Hiyo dunia iliyo wazi, ya kuzurura utakako, iko wapi?
Mzee wa Isevya, Tabora

JIBU: Shikamoo mzee. Iko mbele kidogo. Sura ya kwanza, ile ya milimani, imefungwa kwa makusudi. Ni kazi ya saa mbili hivi, na huruhusiwi kuzurura hadi kundi lako la majambazi lihamie bondeni, sura ya pili. Wengi hukata tamaa hapo hapo wakauza gemu. Piga misheni hizo mfululizo uzimalize.

Ukifika bondeni, ondoa ramani ndogo ya pembeni. Shikilia mshale wa chini kwenye pedi, chaguzi zitatokea: bakiza dira, au zima kabisa. San Andreas ilituzoesha kukodolea macho alama za ramani, na ukicheza hivyo huku hutaona kitu. Njia zina vibao, kuna reli, kuna mito. Toka kambini na shabaha moja tu, kwa mfano kuufuata mto uone unakoishia.

Farasi naye si gari. Mlishe, msugue kwa brashi. Ukibonyeza X, kitufe cha kumkimbiza, kwa pupa ataishiwa pumzi na kukubwaga; bonyeza kwa mdundo wa kwato zake. Bunduki ndefu hubaki kwenye tandiko, hivyo zichukue kabla hujaingia porini kwa miguu, tena usimwache mbali, kwa sababu akiwa hasikii mluzi haji. Safari ikiwa ndefu, weka alama kwenye ramani kubwa, shikilia kibao cha kugusa cha pedi mpaka picha iwe kama ya sinema, kisha shikilia X. Atafuata barabara mwenyewe, na mkono mmoja unabaki huru kwa kikombe cha chai.

Wanaotaka kuinunua gemu hii iliyokwishatumika: diski ni mbili, ya data na ya kuchezea. Ukiuziwa moja umepigwa, kwani bila ya data gemu haiingii kwenye mashine. Tengeni zaidi ya GB 100. Na ni ya umri wa miaka 18, kwa hiyo watoto wakalale kwanza.

SWALI: Laptopu yangu ina RAM ya GB 4. Nikicheza Minecraft, ile gemu ya kujenga kwa matofali, robo saa kichwa kinazunguka na kichefuchefu juu. Ni uzee?
Dada wa Mwanga, Kigoma

JIBU: Si uzee, dada. Macho yanaona mwendo, sikio la ndani linasema umekaa. Picha ikikwamakwama au upana wa mtazamo (FOV, eneo unaloliona kwenye skrini) ukiwa mdogo, hali huzidi. Kwenye mipangilio, zima mtikisiko wa kutembea, pandisha upana wa mtazamo kutoka 70 hadi 85 hivi, na shusha umbali wa kuonekana hadi 6 au 8 ili mashine ipumue. Dalili ya kwanza ikija, acha, kujikaza kunaharibu. Ukichagua hali ya amani, mazimwi hayatokei na hupatwi na njaa, unabaki kutembea na kujenga.

Bando likikubana, jaribu gemu ya A Short Hike ya 2019, haifiki hata GB 1. Ndege mdogo anapanda mlima kutafuta mtandao wa simu. Tunadhani utamwelewa.

SWALI: Umeme ukikatika PS4 ikiwa imewaka, nimepoteza kila kitu?
Kijana wa Ujiji

JIBU: Mara nyingi hapana. Hatari ni ukikatika wakati inasevu. Ukirudi, mashine itakagua diski yake, usiizime katikati. Usiku zima kabisa, usiilaze kwenye taa ya chungwa, yaani hali ya mapumziko. Na kila wiki nenda kwenye mipangilio ya data zilizohifadhiwa, nakili sevu zako kwenye flashi.