Kabla ya Kusimika Sola, Isome Ardhi

Mtambo wa sola wa megawati 1 hutaka takriban hekta 2. Ukifika Pawaga au Usangu, kusini mwa Tanzania, mwezi wa Septemba ukakuta uwanda mkavu usio na zao, usiandike "ardhi tupu" kwenye ripoti. Kiangazi tembo wa Hifadhi ya Ruaha hufuata maji, na mifugo hufuata majani yaliyobaki. Njombe na Mufindi mambo hugeuka: bonde linaloonekana pori wakati wa masika ni vinyungu vya watu, yaani bustani za bondeni, vitalimwa maji yakipungua. Kwa hiyo kagua mara mbili, masika na kiangazi. Waulize wachungaji na wakata kuni, chora mapito kwenye ramani, kisha yalinganishe na mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji. Kuelewana na mwenyekiti peke yake hakutoshi. Jambo lifike Mkutano Mkuu wa Kijiji.

Uzio ndio unaoumiza wanyama kuliko paneli zenyewe. Inua wavu sentimita 15 hadi 20 kutoka ardhini, sungura na kobe wapite. Ukiweka uzio wa umeme, nyaya za chini zisiwe na umeme. Kakakuona hutembea kwa miguu ya nyuma, tumbo lake laini ndilo linalougusa waya. Akishtuka hujikunja, naye hujikunja akiwa ameuzungushia mwili waya uleule, akapigwa mpaka afe. Kifo hicho kinazuilika kabisa.

Huku kwetu, kama nyuzi 7 hadi 9 kusini ya ikweta, paneli zielekee kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hivi. Mwinamo mdogo hufupisha kivuli, safu zikakaribiana, ardhi ikaokolewa.

Usikwangue majani kwa greda. Pigilia nguzo za chuma badala ya kumwaga zege kila mahali, na nyasi zibaki. Ukiondoa nyasi, kiangazi vumbi litafunika paneli na umeme utapungua; masika, maji yanayodondoka kwenye ukingo wa chini wa kila safu yatachimba mfereji, na mfereji utakuwa korongo linalofichua nguzo. Nyasi zikirefuka huleta moto, hivyo ruhusu kondoo wa kijiji waingie kulisha. Ukingo wa chini wa paneli uwe kama sentimita 80 juu. Mbuzi wabaki nje: hupanda paneli na kutafuna kebo.