Ukiwa na 500 kwa Siku, Usinunue Unga wa Mwezi

Duka langu huamka saa kumi na mbili na nusu jioni. Kabla ya hapo nauza salio la simu na peremende za watoto. Halafu vibarua wanaanza kurudi kutoka Industrial Area, wengi kwa miguu kupitia Lunga Lunga Road, na kwa saa mbili sipati nafasi ya kukaa. Mafuta ya 20. Majani ya chai ya 5. Sukari ya 10. Unga nusu kilo. Mukuru, mtaa wetu wa mabanda hapa Nairobi, yote inapimiwa.

Juzi kijana mmoja wa mjengo, mteja wangu wa kila siku, alinunua hivyo hivyo, kisha akaongeza keki ya 20 kwa mtoto wake. Nyuma yake alikuwa mama mmoja mgeni mtaani. Akafyonza. "Mafuta anapimiwa kama dawa ya kikohozi, na keki ananunua." Alisema kwa sauti ya kusikika. Kijana alijifanya hakusikia, akachukua mfuko wake akaenda.

Mfyonzo ule naujua. Niliwahi kufyonzwa nao miaka yote niliyokuwa mama fua, nikipanda South B na Nairobi West kutafuta nguo za watu. Leo niko upande wa pili wa kaunta na nimeona daftari za madeni za watu wengi, yangu ikiwemo. Kwa hivyo nina la kusema kuhusu hizi shilingi 20, hasa kwa yule anayeishi kwa mshahara wa siku, na pia kwa yule anayependa kumshauri.

Ushauri mbaya kuliko wote niliowahi kupewa ulitoka kwa mtu aliyenipenda. Mwajiri wangu mmoja, mama mpole sana, aliniona nikitoka dukani na kimfuko cha sukari, akanihurumia. Akachukua kalamu, akanionyesha kwamba kwa kupimiwa nalipa zaidi, kwamba nikinunua kwa jumla nitaokoa. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Krismasi ilipofika akanipa 3,000, akasisitiza: nunua vitu vya kukaa.

Nikanunua. Beli ya unga, pakiti 12, kwa 1,260. Mafuta ya kupikia lita 5 kwa 850. Sukari kilo 5 kwa 500. Nilibaki na 390. Nikavipanga chini ya kitanda na usiku ule nililala kama mke wa waziri.

Sasa sikiliza kilichotokea. Chumba chetu kilikuwa futi kumi kwa kumi, mlango unaangalia mlango wa jirani. Beli haifichiki. Kabla ya wiki kwisha nilikuwa nimetoa vikombe vitatu vya unga na mafuta sijui mara ngapi, na ningekataa vipi? Hao ndio wanaoniangalizia watoto nikiwa kazini. Mkono wangu mwenyewe nao ukawa mwepesi. Mafuta ya 20 unayamimina ukihesabu matone, lakini ya mtungi unapika chapati Jumanne, siku isiyo na sherehe yoyote. Yale mafuta kwa matumizi yetu ya kawaida yalipaswa kufika karibu miezi miwili. Yalikwisha siku ya 24.

Halafu mtoto akashikwa na nimonia. Kliniki ikataka 1,200. Nikawa na unga chini ya kitanda, na unga haulipi daktari. Niliuza pakiti nne kwa jirani kwa 80 kila moja, nikakopa 500 kwa mama wa ploti anayekopesha, nirudishe 600 baada ya wiki. Piga hesabu: hasara ya 100 kwenye unga, riba ya 100, na vile vikombe vilivyotembea. Akiba yote ya kununua jumla ilikuwa imeliwa, na jasho juu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ninayepimiwa mafuta ya 20 ninanunua vitu viwili: mafuta, na uhuru wa kubaki na zile shilingi nyingine mkononi. Ni uhuru wa bei ghali, sikatai. Sisi tunalipia umaskini wetu kila siku. Mtungi wa maji wa lita 20 ukiuzwa 10, lita 1,000 ni 500, na mwenye bomba na mita mitaa ya juu hulipa sehemu ndogo tu ya hizo. Lakini usiniambie napimiwa kwa sababu sijui hesabu. Mtu wa 500 kwa siku hujua hesabu kuliko mhasibu, maana akikosea analala njaa.

Kuna vitu vya kununua kwa wingi, na nimejifunza kuvitambua kwa swali moja: kikiwa kingi nyumbani, kitatumika haraka zaidi? Mche mzima wa sabuni, nunua, ukate vipande, hakuna anayefua mara mbili kwa sababu sabuni ipo. Makaa pia, kama una pa kuyaweka yasinyeshewe. Mahindi ya gorogoro, yale ya kupimiwa kwa kopo, ukayapeleke kisiagi mwenyewe ni nafuu kuliko pakiti, na mahindi yana faida moja ambayo hawaisemi: jirani haji kukopa mahindi yasiyosagwa saa mbili usiku. Sukari na mafuta, hapana. Unga wa pakiti, labda mkichanga wanawake watatu mkagawana beli siku hiyo hiyo, kila mtu aende na pakiti zake nne. Tulifanya hivyo miaka miwili na hatukugombana ila mara moja.

Lakini kuokoa shilingi tano tano si ndiyo shida yenyewe, na hapa ndipo ningetaka tukae kidogo. Shida ya pesa yetu ni umbo. Inaingia kwa vipande, na mambo makubwa yanadaiwa kwa mpigo: kodi, karo, yunifomu, hospitali. Chukua bima ya afya. Tangu Oktoba 2024 tulipotoka NHIF, bima ya zamani ya serikali, tukaingia SHA, ile mpya, kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, na sisi tusio na mwajiri sheria inatutaka tulipe ya mwaka mzima pamoja, yaani 3,600. Shilingi 10 kwa siku ni 3,650 kwa mwaka. Umeona? Kumi kwa siku hata mimi wa kufua ningeipata, kila siku, bila kulia. Ila 3,600 asubuhi moja, sijawahi kuamka nazo enzi zile hata siku moja, isipokuwa ile zamu ya chama, kikundi chetu cha kuchangiana pesa.

Kwa hivyo kama unaniuliza uanzie wapi, anza na chama kabla ya kukata chochote. Na kisiwe kikubwa. Chetu kina wanawake 12, tunatoa 300 kila Jumapili, anayefikiwa na zamu anaondoka na 3,600. Ndiyo, ni ile ile ya bima, na wawili wetu wameitumia hivyo. Wengine wamelipa karo, mmoja alinunua cherehani kuukuu Gikomba. Sheria tatu zimetuweka hai: tunajuana milango, anayechelewa anatafutwa nyumbani kabla ya giza, na zamu inaweza kubadilishwa mtu akifiwa au akiuguliwa. Hiyo ya tatu ndiyo vyama vingi husahau. Chama kisichobadilisha zamu kwa msiba huvunjika kwenye msiba wa kwanza.

Kibubu nacho kina hadithi. Cha kwanza nilichomeleshewa na fundi wa jua kali, kimezibwa pande zote, tundu tu la kuingizia, nikidhani ukali ndio utanisaidia. Nilikivunja kwa jiwe baada ya wiki tano, mtoto akihitaji dawa, na kwa sababu kilikuwa kimevunjika nikatumia zote, hata zisizohitajika. Cha pili nilikitia kufuli na ufunguo nikaufunga kwenye pindo la leso. Hicho kilidumu. Baadaye mwanangu aliye chuo alinieleza kwamba wachumi wawili, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, walifanya jaribio la namna hiyo magharibi mwa Kenya na kulichapisha 2013. Watu waliopewa sanduku na ufunguo wao wenyewe waliweza kutumia zaidi kwa mambo ya afya. Wale ambao ufunguo wao ulishikwa na mtu mwingine mpaka wafikie lengo hawakufaidika kiasi hicho. Nilicheka. Mimi nilitumia jiwe kugundua hilo.

Jambo la sanduku ni jina. Usiweke "akiba". Akiba haina mwenyewe, kila mtu wa nyumba anaweza kuidai. Weka "viatu vya shule". Weka "tiketi ya Desemba". Pesa yenye jina huona aibu kutoka.

Kuhusu mikopo ya simu sitakuhutubia, wote tunaitumia, na mimi siku nyingine nafuliza, yaani natumia Fuliza, mkopo wa M-Pesa, kulipia mkate wa duka. Ila jifunze kuona bei yake. Ukiokoa jahazi kwa 50, yaani ukikopa salio la Safaricom, unapewa 45, na deni ni 50. Kumi kwa mia, kwa salio la siku mbili! Fuliza ina ada ya siku, kwa hivyo kuikaliza ndiko kunakouma. Lipa mapema hata kwa kujinyima chai. Hustler Fund, mkopo wa serikali, ni asilimia 8 kwa mwaka, nafuu sana kwa riba, na asilimia 5 ya unachokopa inawekwa akiba. Ukilazimika kukopa kwa ajili ya biashara, anza huko. Kwa chakula, kopa dukani. Nasema hivi nikiwa mwenye duka na najua najiumiza, lakini mwenye duka anayekujua hatozi riba, na ukikosa siku mbili anakuuliza kwanza kama mtoto ni mzima.

Kubeti nako nitakugusa tu. Wanaume wa mtaa huu si wapumbavu. Wanabeti kwa sababu ni mahali pekee wanapoona 50 ikigeuka 5,000 kwa usiku mmoja, na kama nilivyosema, 5,000 ya pamoja ndiyo tunayoikosa wote. Nimewaambia vijana kadhaa: unachotafuta kule kipo kwenye chama, kinachelewa tu. Wawili walinisikia. Wengine wananiita nabii.

Sasa turudi kwa keki.

Mwaka mmoja niliamua kukata raha zote. Nilikuwa nimesikiliza mahubiri ya pesa redioni. Hakuna nyama Jumapili, hakuna kusuka nywele, mandazi marufuku. Miezi mitatu. Watoto walinyamaza, na watoto wakinyamaza ujue kuna kitu. Siku moja ya Jumapili nilikuwa nimelipwa deni la nguo za wiki tatu, 1,500, na sijui ni shetani gani au ni malaika, niliwavalisha tukapanda matatu mpaka Uhuru Park. Tulipanda mashua. Aiskrimu, kisha aiskrimu tena. Wakachorwa chui usoni, wakapigwa picha. Tukarudi nikiwa na shilingi 90.

Kodi ilichelewa mwezi huo na niliomba msamaha kwa landilodi nikiwa nimeinamisha kichwa. Lilikuwa kosa, na nalihesabu kosa. Lakini picha ile iko ukutani mpaka leo, na mtoto wangu wa mwisho huanza hadithi zake za utotoni hapo kwenye mashua. Nimekosa jibu safi la jambo hili. Ninachojua ni kwamba nyama robo ya kila Jumapili ingenigharimu kidogo kuliko ile siku moja, kwa hivyo tangu hapo raha nimeipa mstari wake kwenye bajeti, kama kodi. Ndogo, ya kila wiki, isiyoulizwa. Ukimshauri ndugu yako asiye na kitu, usianzie kwenye keki yake. Muulize kwanza anakopa wapi, na ikitokea dharura usiku anamgongea nani.

Yule kijana wa mjengo, kwa mfano. Daftari langu lina sura mbili. Mbele naandika madeni. Nyuma naandika pesa ambazo wateja wananiachia niwawekee, kwa sababu kwao nyumbani haziwezi kulala. Jina lake liko pande zote mbili. Mbele anadaiwa 140. Nyuma ana 620, ameziweka ishirini ishirini tangu Julai.

Jana nilimwuliza kwa nini nisikate ile 140 kwenye 620 tumalizane.

Akaniangalia kama mtu anayemwelezea mtoto. "Hizo za nyuma ni viatu, mathe. Deni ni langu, viatu ni vya mtoto." Akaomba keki, akaongeza 20 nyuma, na mafuta akachukua kwa deni.