Msomee nyanya yako kwanza, kamera itangoja

Usirekodi Jumamosi. Nimeusoma uzi wako mara mbili na nimeshindwa kunyamaza. Unataka kuigiza maisha ya kwenu kama vile vichekesho vya zamani vya runinga: kochi moja, mlango mmoja wa kuingilia, watu wasioonekana wakicheka. Unauliza kamera ngapi, kicheko cha kurekodi kinapatikana wapi, wimbo wa kufungulia uweje, na kipindi kiwe dakika ngapi. Halafu huko mwisho, kama jambo dogo tu, unasema nyanya ndiye atakayechekesha kwa vile anachanganya majina ya wajukuu, na hajaambiwa kwa sababu ni sapraizi yake ya Idi. Shida yote iko hapo. Hayo mengine ni mapambo.

Mimi nilifanya hivyo hivyo mwaka 2018, nyumbani kwetu Kisauni. Baba alikuwa amestaafu baada ya miaka mingi ya kufunga na kufungua mitambo. Tangu tukiwa wadogo, akipita chumba chenye taa isiyo na mtu lazima aizime, na lazima aseme: "Hii ni nyumba au ni uwanja wa ndege?" Hilo nililiandika. Lakini kilichonipa vichekesho vingi zaidi ni majibu yake. Mama akisema jikoni, "Sukari imeisha," Baba anajibu kutoka barazani, "Shukuri? Mwambie aingie, asisimame mlangoni." Kaka yangu akavaa kikoi na kofia ya Baba, akamwigiza barabara. Kila jibu la namna hiyo nikalitilia kicheko nilichokipakua mtandaoni, kicheko cha ukumbi mzima.

Siku ya kuonyesha, sebule ilijaa. Watoto mkekani, majirani mlangoni, mashangazi kwenye kochi. Baba alikaa kiti chake cha dirishani, anatabasamu kila tulipocheka. Ilipofika ile ya sukari, akamwinamia dada yangu, akauliza kwa ile sauti ya mtu asiyejua kwamba anasikika chumba kizima: "Wanacheka nini?"

Dada akamwambia sikioni. Ilibidi amwambie mara mbili.

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kikoi, akairudisha machoni. Kisha akainuka. Alipopita mlangoni mkono wake ukaenda kwenye swichi, kwa mazoea tu, akazima taa. Watu wakaangua kicheko kuliko mwanzo. Walidhani ni sehemu ya mchezo.

Usiku ule ndipo Mama aliponiambia. Masikio ya Baba yalikuwa yakififia tangu yuko kazini, kwa kelele za mashine, na alikuwa amemwomba asituambie sisi watoto. Mimi nikaichukua siri ya mzee wangu nikaitundikia kicheko mbele ya majirani. Miezi minane hakukaa nasi barazani. Chakula alipelekewa chumbani. Mpaka ami yangu aliponishika mkono tukaenda kumwomba radhi, akanisamehe, Mungu amjalie. Lakini hadi leo mtu akiinua simu kupiga picha, Baba huondoka. Picha za nikahi ya binti yangu hayumo hata moja.

Na kuna mtu alinielekeza huko. Nililipa kuhudhuria warsha ya siku mbili ya uandishi wa vichekesho, na yule bwana akasimama mbele yetu akasema familia zetu ni dhahabu, tusimwombe mtu ruhusa, eti ukiomba ruhusa kichekesho kinakufa. Baadaye nikazitazama video zake zote. Jirani yumo, mlinzi yumo, mama mboga yumo. Wa kwao hata mmoja hayumo! Dhahabu yake ameifukia vizuri, ya wenzake anaigawa.

Tena alitutolea mfano wa Wamarekani na vicheko vyao vya kurekodi. Kweli, Charles Douglass, fundi wa sauti wa huko, alitengeneza mashine ya kucheza vicheko vya kurekodi miaka ya 1950, na vipindi vingi vikaitumia. Lakini I Love Lucy, kile kipindi cha waigizaji Lucille Ball na Desi Arnaz kilichoanza mwaka 1951, ambacho kila mtu anakiiga, kilipigwa kwa kamera tatu mbele ya watu waliokaa vitini wakicheka wenyewe. Na wale wawili walikuwa mke na mume kweli. Lucille aliposhika mimba, wao wenyewe ndio waliokubali iingizwe kwenye hadithi. Miswada ikapitiwa na padri, mchungaji na rabi kabla ya kuigizwa, na neno lenyewe la ujauzito halikutamkwa. Mtoto wa kwenye runinga na mtoto wao wa hospitali walizaliwa siku moja, 19 Januari 1953. Kwa hiyo waliombana ruhusa, na kichekesho hakikufa.

Hata hapa kwetu, Mzee Ojwang wa Vitimbi, kile kipindi cha vichekesho cha runinga ya Kenya, hakuwa baba wa mtu. Alikuwa mhusika tu, mwigizaji Benson Wanjau ndiye aliyemwigiza, lafudhi yake na yote, si mzee aliyekaa sebuleni kwake akijiona anachekwa.

Kamera moja inatosha, simu yako juu ya kigoda, ipigwe kutoka upande mmoja kama watazamaji wamekaa mbele ya jukwaa. Kicheko cha kurekodi usitafute. Waweke binamu zako nyuma ya simu, wakicheka tutawasikia, wasipocheka ujue sehemu hiyo haichekeshi.

Ila kabla ya simu, kabla ya kigoda, nyanya ausikie mswada wote. Sapraizi mpe kanga. Na huko kuchanganya majina kumeanza lini? Mwulize mama yako, faraghani, kama kuna jambo wanalojua wakubwa ambalo ninyi hamjaambiwa. Kisha ngoja nyanya amalize chai ya asubuhi, kaa karibu naye, umsomee polepole. Ukifika pale anapomwita mjukuu kwa jina la mwingine, nyanyua macho umtazame. Akicheka, endelea. Akinyamaza, chukua kalamu ukate mstari huo hapo hapo mbele yake, aone unavyoukata.