Kabla hujanunua siti ya gari, nenda kachimbe mchanga: nilivyojenga kiti cha rubani wa anga hapa Tanga

Wadau salaam. Nimeulizwa sana kuhusu lile dude lililoko chumbani kwangu, siti ya gari imekaa juu ya fremu ya chuma na joistiki mbili pembeni (ile mipini ya kuongozea gemu), kuna jirani aliuliza kabisa kama nafungua shule ya udereva. Hapana jamani, ni kiti cha kurushia chombo cha anga kwenye gemu. Mi nacheza Elite Dangerous, kama hujawahi kuisikia ni gemu iliyotoka 2014, unapewa chombo kimoja kidogo na galaksi yetu nzima yenye nyota bilioni 400 alafu unaachwa uhangaike mwenyewe, na safari moja ya kwenda nyota za mbali inakula saa tatu nne umekaa palepale. Nilikuwa nakaa kwenye kiti cha plastiki. Mwenye mgongo ataelewa.

Kosa langu ni kwamba nilianzia mwisho. Hela ya kwanza niliyopata nilinunua taa za mkanda za bluu, stika, na ubao nikautoboa matundu 20 ya swichi, usiku ukizima taa za chumba unaona kabisa upo angani. Mgongo ukauma vilevile. Na joistiki nilikuwa nimeifunga kwa utepe juu ya stuli, kila nikiivuta kwa nguvu stuli nayo inakuja, mtu anakupiga risasi huku we unakimbizana na stuli. Kwahiyo kama unasoma hii na hela yako bado ipo mfukoni: mwili kwanza, chuma baadaye, taa mwisho kabisa.

Nikaenda kwa mzee mmoja fundi makochi huku Ngamiani. Nikamwamkia, nikamweleza nataka kiti cha kurushia chombo cha angani, nikajiandaa kuchekwa. Hakucheka, akaniuliza, "Sasa mwanangu, ukishakaa hapo mikono itakuwa inafanya nini?" Nikamwonyesha, huu unashika hapa, huu hapa, macho mbele. Akasema, "Basi kajipime kwanza uniletee vipimo, mi siwezi kushona kiti cha mtu ambaye sijui anakaaje."

Sasa kujipima mwenyewe kwa futi kamba ni kazi bure, ukiinama kusoma namba umeshabadilisha mkao. Jumapili moja nipo Raskazone na mpwa wangu, maji yamekupwa, mchanga mbichi umeshikana vizuri, ndo akili ikanijia. Nikachimba shimo la makalio, nikajengea mgongo, nikainua kidogo sehemu ya mapaja, nikakaa. Pakanibana huku, nikachota mchanga, pakawa patupu kule kiunoni, nikaongeza, hivyohivyo mpaka nikaweza kukaa dakika 20 bila kujigeuza. Watu walikuwa wanapita wanatuangalia, mpwa wangu akawa anajifanya hanijui. Nikamwambia anipige picha ya ubavuni, simu iwe usawa wa kiuno changu na siyo ameinama nayo kutoka juu, maana ukipiga kutoka juu pembe zote zinadanganya. Alafu nikainuka taratibu nikapima lile shimo: kina cha makalio, urefu wa paja mpaka nyuma ya goti, na pale kwenye kiuno palipojaa.

Baadaye nikaja kusoma kumbe wenye kazi zao wanafanya karibu hivyohivyo. Wanaopanda chombo cha Soyuz cha Warusi, kila mmoja anakalishwa kwenye jasi laini inachukua umbo la mgongo wake, na kutoka hapo anatengenezewa kitanda chake cha siti, haazimi cha mwenzake. Siti yenyewe inaitwa Kazbek. Wanalala chali magoti yamekunjwa juu, ili chombo kikipaa au kikishuka ile nguvu iwapitie kifuani kwenda mgongoni, isiwashukie kichwani kwenda miguuni. Mi kichwa ngumu nikajaribu kuiga magoti juu, nusu saa tu miguu ikafa ganzi. Chumba changu hakipai wala hakishuki, kwahiyo hiyo achana nayo.

Kinachofaa zaidi ni kile walichokiona Wamarekani kwenye kituo chao cha anga cha Skylab, 1973 mpaka 1974. Mtu akiwa hana uzito na misuli ameiachia yote, mwili unajikunja wenyewe: pembe ya kiwiliwili na paja inakuwa kama digrii 128, goti kama 133, mikono inaelea mbele ya kifua. Ile picha yangu ya mchangani nilipoiwekea kipimapembe nikapata 115 hivi pale nyonga. Nikailaza zaidi kuifikia ya Skylab, shingo ikawa inavutika kuitafuta skrini, maana sisi huku kichwa kina uzito wake na lazima kibebwe. Nikarudi kwenye 115 yangu. We ya kwako itatoka kwenye mchanga wako.

Haya, siti. Nilichukua ya Vitz kwa jamaa wanaouza spea za gari zilizokatwa, na hapa kuna mambo ambayo hakuna aliyeniambia. Moja, angalia ubavuni mwa mgongo wa siti kama kuna kile kitambaa kimeandikwa SRS AIRBAG, yaani ndani kuna puto la kukinga mtu kwenye ajali, na chini kama kuna plagi ya njano. Kama ipo, iache siti hiyo, usiseme utaikata waya au utaipima na mita, lile puto linafumuka kwa baruti na linaweza kukuvunja. Siti zisizo nalo zipo. Pili, miguu ya siti ya gari haiko sawa urefu, kwasababu sakafu ya gari yenyewe haiko sawa, mi nilichomelea fremu ya bapa bila kuweka siti juu, kuja kufunga nimeinamia mbele kama naswali. Ikabidi tuongeze vipande vya chuma mguu kwa mguu. Kwahiyo peleka siti kwa fundi wa kuchomelea, apimie pale pale pimamaji likiwa juu. Tatu, gari zetu za Japani siti ya dereva wenzo wa kulaza mgongo upo kulia, ndo upande huohuo unaotaka kufunga joistiki ya kulia, ukisogeza karibu sana kidole hakipiti. Acha nafasi ya ngumi. Na bolti zake usizidharau, waombe wakupe na zile nne za asili, spana yake ni namba 14, kuzitafuta mtaani baadaye utazunguka.

Fremu ni skwea paipu ya inchi moja na nusu. Nimefunga kwa bolti sehemu kubwa, nimechomelea kona tu, kwasababu mi mpangaji, siku ya kuhama sitaki kubomoa mlango wa watu. Paka redoksaidi kabla ya rangi yoyote, ndani ya yale matundu ya bolti pia. Hapa Tanga hewa ina chumvi, mi niliacha chuma kitupu wiki mbili nikisubiri hela ya rangi, nikakikuta kimeshavaa kutu kama kimeokotwa gatini.

Sehemu ambayo ningekuomba usibane hela ni mabano ya joistiki. Siti ikiwa mbovu kidogo utaweka mto, lakini mabano yakitikisika kila unachofanya kinatikisika, unalenga chombo cha adui pua inacheza kushoto kulia we unalaumu gemu. Nilijaribu plaiwudi nyembamba, ikawa inapinda. Nikaweka vipande vya mtiki, huku kwetu na msitu wa Longuza upo hapo Muheza mabaki ya mtiki hayakosekani kwa maseremala, nikafunga na chuma cha pembe chini yake, kimya. Kujua yakae wapi: kaa kwenye siti, legeza mabega, fumba macho, inua mikono kuanzia kiwiko tu kama unapokea sinia, mwenzako aweke alama ngumi zilipoishia. Mi mkono wa kulia ulikuwa juu kuliko wa kushoto kwa sentimita mbili nzima, sijui maisha yangu yote nimekuwa hivi. Nikafunga kama ulivyo.

Kuna mtu aliniuliza kwanini joistiki mbili, si ndege zina moja na wenzo wa mwendo? Ndege inabebwa na hewa. Huku angani hakuna hewa, chombo kina vijiinjini vya kukisukuma kila upande, kwahiyo unaweza kuinua pua, kulalia ubavu, kugeuza pua, na juu ya hapo ukateleza kushoto na kulia, ukapanda na kushuka wima, ukaenda mbele na nyuma. Mihimili sita. Mkono wa kulia unashika ile mitatu ya kugeuka, wa kushoto ile mitatu ya kuteleza, na ukishazoea unazunguka chombo cha mtu huku pua bado inamtazama. Lakini kama ndo unaanza, joistiki moja inayojizungusha mpini inatosha kabisa, acha nafasi tu kwenye fremu. Ukipata hela chagua yenye kihisi cha sumaku, zile za kusuguana zinachakaa, siku moja unakuta chombo kinajigeuza chenyewe na we hujashika kitu.

Swichi sasa. Nilinunua Arduino Uno, kile kibao kidogo cha umeme cha kuunganishia swichi na kompyuta, kwasababu ndo kila mtu anaitaja, usiku mzima naunga waya, kompyuta haitaki kuiona kama joistiki. Kumbe inatakiwa Leonardo au Pro Micro, zile zenye chipu ya ATmega32U4 inayoongea USB yenyewe. Zile Uno nazo zinaweza kwa kuzunguka zunguka lakini utajitesa bure. Na ile habari ya swichi zinazobaki chini ukizibonyeza, nzuri kwa macho, balaa kwenye gemu. Umeshusha miguu ya chombo kwa swichi, chombo kimelipuka, umezaliwa upya miguu ipo juu swichi bado ipo chini, kuanzia hapo we na swichi mnabishana mpaka asubuhi. Nikazing'oa karibu zote nikaweka za kubonyeza zinazorudi, nyingine ni vitufe vya kengele ya mlango vya dukani, bei ya maandazi.

Joto nalo. Mwezi wa pili hapa Tanga, sponji na leksini vinakupikia mgongo. Yule mzee fundi makochi ndo aliniokoa, nilimpelekea vipimo vyangu vya mchangani, akatoa sponji ya mgongoni akajaza usumba wa nazi kama magodoro ya zamani, juu akaweka kitambaa cha pamba, na pale kiunoni akajaza kufuata namba zangu. Inapitisha hewa na haibonyei ikalala. Chini ya fremu nimetandika zulia la mkonge, ambalo nalo lina sababu yake.

Sababu ni spika. Nilitoa spika ya besi kwenye redio iliyokufa nikaifunga kwa bolti chini ya siti, ikipokea sauti nzito tu za injini, siti nzima inanguruma, siwezi kukueleza utamu wake. Usiku wa kwanza mama mwenye nyumba akagonga mlango, nyumba zetu za korido unazijua, akauliza, "Baba, unasaga nini saa hizi?" Nikaomba radhi. Ule mtetemo ulikuwa unapita kwenye miguu ya fremu kwenda sakafuni mpaka chini ya kitanda chake. Nikakata vipande vya tairi nikaweka chini ya kila mguu, nikakunja zulia la mkonge mara mbili, na baada ya saa nne usiku naizima kabisa.

Bado sijafunga pedeli. Na kuna tatizo jipya, mchana nikiwa kazini mama mwenye nyumba huwa anakuja kukaa kwenye kile kiti anasikiliza redio, anasema magoti hayamuumi, na mimi siwezi kumkatalia. Lakini yeye ni mfupi, nikirudi nakuta siti imesogezwa mbele tundu mbili na mgongo umesimamishwa, na mikono yangu haifiki tena ilipokuwa inafika. Kwahiyo nimeweka alama ya rangi ya kucha kwenye reli na kwenye wenzo wa mgongo, nyekundu yangu, ya pinki yake.