Barua kwa mwanangu: kiwanja, filamu, na yule bwana wa laki tatu

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku Mombasa. Barua yako nimeisoma mara mbili, na bajeti uliyoiambatanisha nimeipitia mstari kwa mstari. Umeniuliza: uuze kile kiwanja alichokuachia marehemu babako ili umalizie filamu yako ya mafundi wa majahazi wa Matondoni, au umkubalie yule bwana anayekupa shilingi laki tatu ili filamu iwe nusu yake?

Usifanye lolote kati ya hayo mawili.

Wewe mwenyewe umeandika kwamba umepiga picha siku 11 tu na hadithi bado hujaujua mwisho wake. Kazi iliyofika hapo haijaanza kudai pesa za kiwanja. Inadai nauli ya kurudi Lamu mara tatu nne, mahali salama pa kuhifadhi picha, na mhariri wa kukaa nawe mpaka mpate dakika chache za kuonyesha watu. Pesa za matayarisho kama hizo wako wanaozitoa kwa ruzuku, si mkopo.

Anza na Docubox, hapo hapo Nairobi ulipo. Mfuko huo uliasisiwa na Judy Kibinge kwa ajili ya Waafrika Mashariki wanaotengeneza filamu za hali halisi. Hata wasipokupa shilingi nyingi, utakaa na watu waliokwisha kuipita njia hiyo, nao watakukosoa bila kukuonea haya. Filamu ya Softie ya Sam Soko ilipitia kwao. Ilimchukua miaka, mwanangu, lakini Januari 2020 ilionyeshwa Sundance, lile tamasha la filamu la Marekani, ikatoka na tuzo ya uhariri. Halafu kuna mfuko wa IDFA Bertha wa Amsterdam, unaosaidia filamu za hali halisi kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Na uweke nia ya kufika Durban FilmMart, soko linalokutanisha wenye miradi na wenye pesa tangu 2010. World Cinema Fund ya Berlin uliyoitaja, iache kwanza. Hiyo inataka uwe na mshirika Mjerumani, na hutampata kabla ya kuwa na kitu cha kumwonyesha.

Sasa bajeti. Nimeshika vitabu vya hesabu miaka 22 katika ofisi ya kutolea mizigo bandarini, kwa hivyo hapa niruhusu niwe mkali. Mstari wa 14 umeandika: mwongozaji, sifuri. Nilipouona niliweka kalamu chini. Unadhani msomaji ataona jinsi unavyojitolea? Ataona mtu ambaye mwezi wa nne wa kazi atakuwa ameiacha filamu akatafute kodi ya nyumba. Jiandikie ujira, hata uwe mdogo. Ongeza kukodi mashua ya kutoka Lamu mjini, maana umehesabu safari ya kwenda ukasahau ya kurudi. Ongeza diski ya pili ya kuhifadhia nakala, ikae nyumba nyingine, si mkoba mmoja na ile ya kwanza. Na kila fundi unayempiga picha akutilie saini karatasi ya ridhaa, iliyoandikwa kwa Kiswahili na kusomwa mbele yake. Wafadhili wataziulizia karatasi hizo, lakini hata wasipouliza, wale ni wazee wa watu.

Kuhusu yule bwana, kuna jambo sijawahi kukuhadithia. Wewe unamkumbuka babako kama mpiga picha za arusi. Siku asizokuwa na arusi alikuwa akiwafuata wachonga milango wa Mji wa Kale na ile kamera yake ya mkono wa pili. Alijaza kanda tisa, kila moja ameiandika jina la mzee kwa kalamu ya buluu. Mwaka 1996 ikaja kampuni moja, wakazichukua kanda hizo, wakampa shilingi elfu ishirini na karatasi ya Kiingereza ya ukurasa mmoja. Aliitia saini juu ya boneti ya gari lao, injini inanguruma. Mmoja wa wale wachongaji alikuwa mjomba wake. Mjomba huyo alipofariki, babako aliomba nakala ili bibi yako amwone ndugu yake. Aliambiwa anunue. Hakuwahi tena kupiga picha ya mchongaji.

Mwenye ruzuku hakudai filamu yako. Anadai risiti, ripoti, na jina lake mwishoni. Lakini huyu bwana anataka nusu sasa, wakati filamu bado ni ya bei ndogo. Kesho mtayarishaji mwenza atataka sehemu yake, na kituo cha televisheni nacho kitataka sehemu yake. Nusu yako ndiyo itakayokatwa-katwa. Kama kweli anaipenda kazi, akukopeshe kwa maandishi, au asubiri mpaka uwe na dakika za kumwonyesha na mwanasheria wa kukusomea mkataba.

Ile karatasi ya babako bado ninayo, ilikuwa ndani ya msahafu wake. Nimeitoa nakala na kuzungushia wino mwekundu mstari wa sita, pale penye haki zote, kila mahali, milele. Mjombako anapanda basi Ijumaa, atakuletea pamoja na bajeti yako niliyoisahihisha. Ukishaisoma, nipigie baada ya isha, tuuandike upya huo mstari wa 14 pamoja.

Mamako