Ulimi, tonge na altrasaundi

Mionzi ya altrasaundi ya ulimi haiwezi kuleta saratani ya koo? (Jang'ombe)

Kipimo hiki cha kutazama ulimi mtu anapomeza hakina mionzi. Ni sauti isiyosikika kwa sikio, ile ile anayopimwa mama mjamzito. Swali hili nimeshalijibu mara nyingi. Tafadhali someni kabla ya kuandika.

Kwa nini kichwa cha mashine kinawekwa chini ya kidevu na si mdomoni? (Wete)

Hapo pana nyama laini inayopitisha sauti hadi kwenye ulimi. Ikifika mgongoni mwa ulimi inakutana na hewa na kurudi, ndiyo maana ulimi huonekana kama mstari mweupe. Ukimeza, ncha inabana kaakaa, kisha wimbi linakwenda nyuma likilisukuma tonge. Mfupa haupitishi sauti, kwa hiyo taya na kile kifupa kilicho juu ya kongomeo huacha kivuli cheusi, na kwa kukifuata kivuli hicho mpimaji anajua kifupa kimepanda kiasi gani. Asikandamize lakini! Akikandamiza, ulimi unapinda na anapima mkono wake.

Mashine ya kliniki ya wajawazito inafaa kwa utafiti wangu wa kumeza? (mwanafunzi, Tunguu)

Inafaa. Rekodi video, maana tonge hupita kooni kwa muda kama wa sekunde moja, na mashine ya picha 30 kwa sekunde inakupa picha 30 tu. Kichwa cha mtu kitulie. Kibali cha maadili kwanza, ndipo umguse mtu.

Baba amepata kiharusi na akinywa maji anapaliwa. Tumpeleke altrasaundi? (Makunduchi)

Mpelekeni hospitali leo, ila msidai mashine kwa jina. Altrasaundi itaonyesha ulimi dhaifu unaochelewa kusukuma. Chakula kilichoingia njia ya pumzi haikionyeshi vizuri. Hilo huonekana kwa eksirei ya video, mgonjwa akimeza bariamu (unga mweupe unaoonekana kwenye eksirei), au kwa kamera nyembamba ya puani.

Kupaliwa kwa baba angalau mmekuona. Wapo wagonjwa ambao chakula kinaingia mapafuni bila kikohozi hata kimoja, nyumba nzima ikashukuru kwamba amepona. Sikilizeni sauti yake baada ya kumeza: ikiwa kama ina maji ndani, au homa zinamrudia, au chakula kinabaki shavuni, mwambieni daktari.

Na nawasihi nyote, acheni kumlisha mgonjwa amelala chali! Mkalisheni wima, kijiko kidogo, ameze kwanza ndipo kije kingine, na abaki wima nusu saa. Msafisheni kinywa, kwani uchafu wake ukishuka mapafuni huleta nimonia. Maji matupu humponyoka mwenye ulimi dhaifu. Wengi huweza zaidi uji mzito kiasi, na daktari ndiye atakayewapimia uzito wake. Bokoboko linalonata, hapana. Asiyekuwa macho sawasawa asitiwe kitu kinywani, hata shangazi akija na supu kutoka shamba.

Naweza kupimwa nikiwa nimefunga? (Chake Chake)

Kipimo kinataka funda la maji. Kama daktari hana haraka, ngoja usiku.

Mtoto wa wiki tatu hanyonyi vizuri, bibi yake anataka akatwe kimeo. (Micheweni)

Asikatwe. Kimeo hakizuii kunyonya, na wembe ule unaleta damu isiyokatika na pepopunda. Watafiti wa Australia walipiga altrasaundi chini ya kidevu cha watoto wanaonyonya, wakaona maziwa hutiririka ulimi unaposhuka na kuvuta. Kwa hiyo tatizo litafutwe kwenye ulimi na namna anavyoshika titi. Nendeni kliniki wamwangalie chini ya ulimi, na bibi aende nanyi ayasikie haya kwa muuguzi mwenyewe.