Kama munafanya usafi wa ziwa na watu wa ng'ambo, musiweke nyavu upande moja

Ba ndugu, sisi hapa Bukavu, Kongo, tulikuwa na kikundi kidogo cha kutoa chupa za plastiki ku ziwa Kivu pamoja na wenzetu wa Kamembe, ng'ambo kule Rwanda. Si munajua vile iko, mvua ikinyesha takataka ya vilima vyote inashuka ziwani, maji yanaisukuma mpaka muto Ruzizi unapoanzia, inaenda kujaa ku baraji (bwawa la umeme) ya Ruzizi ya kwanza, mashini zinaziba, umeme unakatika, na sisi tuliotupa chupa njo wa kwanza kupiga kelele.

Kosa letu la kwanza: nyavu na mizani vyote tuliviacha Kamembe, juu kule kulikuwa na chumba kizuri chenye kufuli. Mwezi wa tatu 2020 Covid ikaingia, bariera ya mupaka ikafungwa, zinapita tu gari za bidhaa. Nyavu zikabaki kule miezi na miezi, sisi huku tunaokota chupa na vitunga vya mama zetu (mama yangu hajanisamehe mpaka leo). Sasa minasema hivi, kila upande ukuwe na vyombo vyake, hata kama ni vibaya.

Kisha saa za kufunga bariera zikaanza kubadilika badilika. Mikutano yetu ilikuwa saa nane, mutu anatoka sokoni kwanza, tukifika katikati ya kuhesabu wenzetu wanaanza kuangalia saa, wanaondoka mbio na jeto (kikaratasi cha kuvukia mupaka) mukononi, hesabu inabaki hewani. Tukahamisha kila kitu asubuhi, na mambo ya kubishana tukayapeleka WhatsApp.

Na hapo kwa hesabu musikilize vizuri: sisi tulikuwa tunahesabu magunia, wao wanahesabu kilo. Wakati tunaonana kila juma hakuna aliyeona shida, mutu anauliza tu pale pale. Bariera ilipokuwa ngumu tukakaa karibu miezi mbili kila upande unazani mwengine ni muvivu! Mupatane kipimo kimoja mapema, mungali munakaa pamoja.

Eh, na sashe, ile mifuko ya plastiki. Rwanda ilizikataza tangu 2008, mimi nikavuka nazo mafungu mbili, ati za kuwekea taka. Walinipokonya zote, mwenye kusimama nyuma yangu akacheka mpaka akakohoa. Siku hizi ninabeba gunia.